Siku 31 Baharini



Jamaa wengi, na vijana niliowafundisha zamani, wameniuliza habari za safari yetu ya bahari, mimi na mke wangu. Kila aliyeuliza alitaka kusikia ukubwa wa meli, na namna za vyakula, na miji tuliyoiona. Hayo nitayagusa kidogo. Lakini lile ninalotaka kulieleza hapa ni jambo jingine, nalo si la kujisifu, maana ndani yake mna aibu yangu mwenyewe. Nimeona niliandike kwa kuwa nadhani si mimi peke yangu niliye na aibu hiyo.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Nyumba yetu i karibu sana na msikiti, hata sauti ya mwadhini huingia chumbani kama sauti ya mmoja wa watu wa nyumbani. Mke wangu ni binti wa nahodha wa Lamu. Baba yake, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliendesha jahazi baina ya Lamu, Mombasa, Unguja na Maskati, na binti yake tangu utotoni alitamani kusafiri naye, na tangu utotoni aliambiwa kuwa bahari si mahali pa mtoto wa kike. Akaolewa, akazaa, akalea, akazeeka, na tamaa yake akaiweka kimya.

Mwisho wa mwaka 2024 tulikuwa Uingereza kumzuru binti yetu. Watoto wetu wanne wakafanya shauri bila ya sisi kujua, wakachanga fedha, wakatukatia nafasi katika meli ya matembezi iliyokuwa ikianza safari ndefu kutoka bandari ya Southampton tarehe 6 Januari 2025. Siku hizo meli nyingi zilikuwa zimeacha kupita Mfereji wa Suez, kwa sababu ya mashambulizi yaliyoanza katika Bahari ya Shamu mwisho wa mwaka 2023, zikawa zinalizunguka Bara la Afrika kama zamani. Kwa hiyo meli yetu ilikuwa ipite Rasi ya Tumaini Jema, na katika njia yake itie nanga Mombasa. Sisi tungeteremka mlangoni kwetu, nayo ingeendelea na safari yake.

Nilisita kidogo, nikihofu israfu. Lakini nilipomtazama mke wangu usoni nikanyamaza. Kabla ya kupanda nilimwendea shekhe mmoja nikamwuliza hukumu za msafiri wa baharini, naye akanikumbusha yale tuliyosoma chuoni: kwamba msafiri amehalalishiwa kupunguza sala za rakaa nne ziwe mbili, na Alfajiri na Magharibi hazipungui, kwamba kwa sisi wafuasi wa Imamu Shafii yafaa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha, kwamba sala ya Ijumaa haimlazimu msafiri, na kwamba asiyeweza kusimama atasali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa atasali kwa kulala ubavu, kama Mtume (s.a.w.) alivyomfundisha Imran bin Huswain. Nikaona nimejiweka tayari. Kumbe nilikuwa na ilimu tu, na ilimu siyo yote.

Jioni ile tulipopanda, kabla ya meli kung'oa nanga, pembe ililia milio saba mifupi na mmoja mrefu. Hiyo ndiyo alama ya hatari inayotumika katika meli za abiria, na sharia ya bahari yataka wasafiri waifanyie mazoezi mwanzoni mwa safari. Watu zaidi ya elfu, matajiri na vilema na vikongwe, waliacha vikombe vyao mezani wakaenda kila mmoja mahali alipoandikiwa, wakaonyeshwa majaketi ya kuokolea na boti zilizotundikwa ubavuni mwa meli. Hakuna aliyesema, "Nitakuja baadaye." Mke wangu akaninong'oneza, "Bwana, waona watu wanavyoitikia mwito?" Nikacheka. Sikujua kuwa maneno yale yatanirudia.

Chumba chetu kilikuwa kidogo, kitanda na kabati na meza moja, na dirisha la kutazama bahari. Masanduku tuliyasukuma chini ya kitanda. Tukajifunza kwenda huku mkono mmoja umeshika ukuta, kufunga kila droo, kutoacha gilasi ukingoni mwa meza, na kunawa mikono kwa sabuni kila tuingiapo kula, kwa sababu maradhi ya tumbo yakiingia melini huenea upesi. Kutia udhu ndani ya bafu lile jembamba kulitaka ustadi. Nasi tulitumia maji kwa kiasi, kwa kuwa maji yale hutengenezwa melini kwa kuyatoa chumvi maji ya bahari, na tumefundishwa tusifanye israfu ya maji hata tukiwa penye mto.

Siku ya pili tuliingia Ghuba ya Biscay. Ghuba hiyo katika majira ya baridi ina sifa mbaya, na sifa yake ni ya kweli. Meli ilipanda na kushuka, mbao zikalia, na mimi nikalewa bahari. Nilitapika mpaka nikawa sina cha kutapika. Mke wangu naye alilewa, lakini kila ulipofika wakati alijikokota, akatia udhu, akakaa juu ya kitanda, akasali kwa kukaa. Mimi nililala nimeukabili ukuta. Nilijua ruhusa zote. Nilikuwa nimezitaja kwa ufasaha mbele ya shekhe. Lakini nilijiambia kuwa nitalipa nikipona. Zikanipita sala za siku mbili.

Bahari ilipotulia tulifika Funchal, katika kisiwa cha Madeira, nayo ilikuwa Ijumaa. Ilikuwa Ijumaa yangu ya kwanza kwa miaka mingi bila ya hotuba, bila ya kanzu iliyopigwa pasi, bila ya jirani wa kunipigia hodi. Nikasali Adhuhuri chumbani nikaona kana kwamba siku haikuwa Ijumaa. Nikazilipa zile zilizonipita, nikasema moyoni kuwa sasa mambo yamekaa sawa.

Hayakukaa sawa. Nawaeleza kwa nini.

Maisha ya meli ya matembezi yamepangwa ili mtu asipate nafasi ya kujiuliza afanye nini. Kila usiku huletwa karatasi mlangoni, imeandikwa saa ya hili na saa ya lile: mhadhara, mchezo, muziki, chai, mashindano ya chemsha bongo. Chakula kiko wazi tangu kucha hadi usiku wa manane. Kuna ukumbi wa kamari, na mabaa yasiyo na idadi. Haya mawili ya mwisho hayakutushughulisha. Mtu huona mlango akapita njia nyingine. Katika chakula nasi tulipata njia: mke wangu alimwendea mkubwa wa wapishi wa meza yetu siku ya kwanza, akamweleza kwa upole kuwa hatuli nyama isiyochinjwa kwa sharia, wala kilichopikwa kwa mvinyo au mafuta ya nguruwe. Tangu siku ile tukaletewa samaki, mayai, dengu na mboga, na kila jioni tukaonyeshwa orodha ya kesho tuchague. Mwenye kuona haya kuuliza ndiye anayetumbukia. Haramu ya wazi haikuwa shida yangu. Iliyonishika ni halali iliyozidi kipimo.

Nilipata rafiki, mzee wa Kiingereza aliyekuwa dereva wa gari la moshi, mjane, mwenye maneno machache na bodi ya dama. Siku ya saba, tulipokuwa tumeiacha Tenerife, tulikaa kwenye sitaha baada ya chakula cha mchana tukaanza kucheza. Wazee wengine watatu wakaja kutazama. Nikajua kuwa Alasiri imeingia. Nikajua pia kuwa nikisimama wataniuliza ninakwenda wapi, na sikutaka kusema. Nilijiambia nimalize mchezo mmoja. Ukamalizika, nikaanza mwingine. Hata nilipoinua macho jua lilikuwa limegusa maji, na mbele ya macho yangu likazama.

Ndugu msomaji, nimefundisha watoto kwa miaka 34. Nimesimama mbele yao mara nyingi nikawaambia wasione haya kwa dini yao. Na pale, mbele ya wazee wanne wasionijua, nikaona haya kutamka neno moja: sala.

Nilirudi chumbani. Mke wangu alikuwa amekwisha sali Magharibi, anasoma Kurani. Sakafuni palikuwa na misala miwili. Wa kwake alikuwa ameukalia. Wa kwangu ulikuwa umetandikwa tangu Adhuhuri, hakuukunja. Hakuniambia lolote. Angenikemea ningepata la kujibu. Lakini kwa ule msala sikuwa na jibu.

Usiku ule sikupata usingizi. Nikajihesabu. Nyumbani Mombasa hainipiti sala, na watu hunisifu kwa hilo. Lakini nyumbani kuna adhana mara tano, kuna jirani anayepita, kuna vijana wanaoniita Mwalimu na ambao wangeona ajabu kunikosa safuni. Mambo hayo yote ni neema, wala siyadharau. Lakini nilikuwa nimeyaegemea hata miguu yangu mwenyewe ikasahau kazi yake. Bahari iliyaondoa yote kwa siku moja, nikaanguka. Nikaikumbuka Sura Yunus, pale Mwenyezi Mungu anapowataja watu waliomo jahazini: dhoruba inapowazunguka humwomba kwa ikhlasi, na akiwaokoa huasi tena. Nimeisoma mara nyingi nikidhani inasema juu ya watu wengine.

Asubuhi nikamwambia mke wangu, "Bibi, nisaidie." Akajibu, "Karibu. Nilikuwa nakungoja." Basi tukapanga mambo yetu, na mpango huo ndio uliotukalisha melini kwa raha mpaka mwisho wa safari.

Kwanza ni nyakati na kibla. Katika chumba cha meli kuna televisheni inayoonyesha ramani ya safari, mahali meli ilipo, na upande inaoelekea kwa daraja. Simu zetu nazo zilionyesha kibla, lakini dira ya simu huchezacheza ndani ya meli, kwa kuwa chuma kilichoizunguka huivuta. Mke wangu hakuiamini. Alilitazama jua linapotoka na linapotua, na usiku alizitazama nyota kama alivyofundishwa na baba yake barazani Lamu, kisha akalinganisha na televisheni. Kila baada ya Alfajiri tuliandika karatasi ndogo, nyakati tano na upande wa kibla kwa siku ile, tukaibandika kwenye kioo. Shughuli zote za karatasi ya meli tulizipanga baada ya hiyo. Kama chai iligongana na sala, chai ilingoja.

Kazi hii ilinifunza jambo ambalo sikuwahi kulifikiri. Mimi nimezaliwa mahali ambapo Makka iko kaskazini hasa, kwa kuwa Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa ramani. Maisha yangu yote kibla kilikuwa ukuta ule ule. Sasa nikakiona kinageuka. Southampton tuliielekea mashariki tukikata kidogo kwenda kusini. Madeira ikawa mashariki barabara. Tulipoviacha visiwa vya Cape Verde kikaanza kupanda kwenda kaskazini, kila siku kidogo, na misala yetu ikazunguka chumbani pamoja nacho, mara miguuni pa kitanda, mara mbele ya kabati. Kibla hakikuhama, tuliohama ni sisi. Na anayehama asipotazama kila siku wapi alipo, atasali akiuelekea ukuta wa jana. Nyakati nazo zilikuwa hivyo hivyo: Southampton Magharibi iliingia saa kumi na robo alasiri, na kila tulipokwenda kusini jua lilikawia zaidi kutua.

La pili lilikuwa zito kwangu. Nilikwenda kwa yule mzee wa dama nikamwambia kuwa mimi ni Mwislamu, kwamba ninasali mara tano, na kwamba jana niliacha sala kwa kuona haya mbele yake. Alinitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Ni saa ngapi hiyo sala ya jioni?" Nikamtajia. Akasema kuwa yeye ameendesha magari ya moshi umri wake wote na hajapenda kumchelewesha mtu. Tangu siku hiyo, ulipofika wakati, yeye ndiye aliyekuwa akitazama saa yake na kusema, "Mwalimu, wakati umefika." Akaacha kete kama zilivyo, akaningoja. Enyi vijana mnaosoma au kufanya kazi penye watu wasio wa dini yenu, lizingatieni hili. Ile aibu niliyoiogopa haikuwako kwake. Ilikuwako kwangu mimi tu.

La tatu lilikuja lenyewe. Aliyehudumu chumba chetu alikuwa kijana wa Java, katika nchi ya Indonesia. Alikuwa ameiona misala, na siku moja tukakuta kiti kimesogezwa, sakafu imefagiwa, na nafasi imeachwa upande ule ule ulioandikwa kwenye karatasi ya kioo. Alipokuja tukamtolea salamu, uso wake ukakunjuka. Mimi akaniita Pak, na mke wangu Ibu, yaani baba na mama. Tulizungumza Kiingereza, lakini tukafurahi kukuta maneno tuliyokuwa nayo sote: sisi twasema habari, wao husema kabar; sisi wakati, wao waktu; sisi salama, wao selamat. Ni maneno ya Kiarabu yaliyopanda merikebu zamani, mengine yakaenda mashariki na mengine yakaja kwetu.

Kijana yule alikuwa na mkataba wa miezi minane. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, umeweka mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24. Maana yake ni kuwa siku ya kazi yaweza kuwa ndefu sana, na ya kwake ilikuwa ndefu. Hata hivyo alisali zote, kando ya kitanda chake, chini kabisa ya meli pasipo na dirisha, na vyumba vya wengi wetu akavisafisha baina ya sala na sala. Mimi nilikuwa na siku nzima mikononi, sina kazi, nikakosa dakika kumi. Tangu hapo tulikunja shuka zetu wenyewe ili kumpunguzia, na mke wangu alimwombea mama yake kwa jina.

Baada ya Cape Verde hatukuona nchi kavu kwa siku tisa. Hapo ndipo mtu hujua kama amezoea meli au la. Miji imekwisha, vitu vya kununua vimekwisha, hata gumzo la kwanza limekwisha. Zimebaki mbingu na maji. Usiku mmoja, tulipokuwa tunaukaribia mstari wa Ikweta, mke wangu alinichukua kwenye sitaha ya tezi, mahali pasipo na taa, akanionyesha nyota ya Jaha. Tulipoondoka Southampton ilikuwa juu sana, maana nyota hiyo huonekana juu kwa kadiri ya umbali wa mtu na Ikweta. Sasa ilikuwa chini, imefifia, karibu kumezwa na ukungu wa upeo wa bahari. Akasema, "Baba akinambia kuwa kwetu Lamu haionekani, na kuwa ukienda Maskati huinuka mbele yako kama taa. Nimengoja kuiona mpaka nimekuwa bibi wa wajukuu."

Tukakaa. Kisha akasema, pasipo hasira, "Bwana, wajua kuwa hizi ndizo jioni za kwanza kukaa nawe? Tangu tuoane, baada ya Isha wewe ni mtu wa baraza. Sikukatazi. Lakini watoto walipoondoka, nyumba ilikuwa kimya sana."

Nilitaka kujibu kuwa baraza ni ada yetu, na kuwa pale huzungumzwa mambo ya heri. Ni kweli. Lakini nikakumbuka ule msala uliokaa wazi, nikayazuia maneno yangu. Mwanamke huyu alijua nyota, alijua pepo na maji, alijua mambo ya baba yake yaliyokuwa kama kitabu, nami kwa miaka yote ile sikuwa nimekifungua. Kama vile adhana ya jirani ilivyonificha udhaifu wangu katika sala, baraza lilinificha upweke wa mwenzangu. Nikamwomba radhi pale pale. Akasema, "Nimekusamehe zamani. Nilitaka ujue tu." Tukashinda usiku ule tukizungumza, na katika jioni zilizofuata alinisomesha nyota, nami nikawa mwanafunzi.

Siku ya 19 ya safari tuliuona mlima wa Cape Town unatoka katika maji. Nayo ilikuwa Ijumaa. Kijana wetu alikuwa ameomba ruhusa, akapewa saa chache, tukatoka sote watatu mpaka mtaa wa Bo-Kaap, kwenye msikiti wa Auwal, ambao ndio wa kwanza katika nchi ya Afrika Kusini, uliosimamishwa mwaka 1794. Imamu wake wa kwanza ni Abdullah bin Kadhi Abdus Salaam, anayejulikana kwa jina la Tuan Guru. Alikuwa mtu wa Tidore, katika visiwa ambavyo leo ni vya Indonesia. Waholanzi walimshika wakamleta Cape mwaka 1780 katika meli, akiwa mfungwa, wakamweka kisiwa cha Robben. Huko kifungoni hakuwa na msikiti wala msahafu. Akaukalisha moyo wake, akaiandika Kurani kwa mkono kutoka kifuani mwake, na maandishi yake yamehifadhiwa mpaka leo. Kijana wetu alisimama mlangoni akilisoma jina lake, machozi yakamtoka, maana ni mtu wa visiwa vya kwao.

Kisha mwadhini akaadhini. Nilikuwa sijasikia adhana kwa siku 18. Mombasa huisikia nikiwa nafunga vifungo, nikiwa nanywa maji, nikiwa nazungumza. Pale niliisikia neno kwa neno, nikaona kana kwamba naitwa kwa jina langu. Nikazikumbuka zile pembe za Southampton na maneno ya mke wangu. Na nikaona wazi kuwa mimi nilikwenda baharini nikiwa na raha zote nikaipoteza Alasiri, na mwenzangu aliletwa kwa minyororo, akajenga umma.

Tulipoondoka Cape Town tuliipita Rasi ya Agulhas, ambayo ndiyo ncha ya kusini kabisa ya Afrika, hapo Bahari ya Atlantiki inapoishia na Bahari ya Hindi inapoanza. Usiku uliofuata, kwa hesabu yetu, ulikuwa usiku wa Miraji wa mwaka 1446. Hatukuwa na mkusanyiko wala kasida. Tulikuwa watu wawili katika chumba kidogo kinachoyumba, tukikumbuka kuwa katika usiku huo ndipo umma huu ulipofaradhiwa sala tano. Sijapata kuukumbuka Miraji kwa moyo mtulivu kama usiku ule.

Yaliyobaki nitayafupisha. Durban tulikaa siku moja. Kibla kilikuwa karibu kaskazini. Mauritius kilivuka kikaelekea upande wa magharibi kidogo, kwa kuwa tulikuwa tumeupita mstari wa Makka. Kisha kikaanza kurudi. Asubuhi ya siku ya 31, tarehe 5 Februari, tuliamka mapema tukasali Alfajiri, na kwenye karatasi ya kioo mke wangu alikuwa ameandika neno moja: Kaskazini. Tukapanda sitahani. Mombasa ilitokea mbele ya omo, nyeupe katika jua la asubuhi. Ibn Battuta alifika kisiwani hapa kwa merikebu mwaka 1331, akalala usiku mmoja, akawataja watu wake kuwa ni wenye dini. Niliitazama minara nikaomba tuwe hivyo kwa haki, siyo kwa sifa tu.

Yule mzee wa dama alikuja kutuaga. Aliniambia kuwa saa yake ataiacha kama ilivyo, na kila alasiri atakumbuka kuwa mahali fulani mtu anasali. Kijana wa Java alitubebea masanduku, nasi tukamwachia msala mmoja.

Tangu turudi, adhana ni ile ile na baraza ni lile lile. Lakini mimi hutazama wakati kabla mwadhini hajaanza, ili miguu yangu isisahau tena kazi yake. Na baada ya Isha, siku nyingi, hunipati barazani. Hukaa darini na mke wangu, tukatazama nyota. Jamaa wamenitania. Nimewaeleza sababu, na wengine wao sasa hurudi nyumbani mapema.

Ndugu msomaji, labda hutasafiri kwa meli maisha yako. Lakini iko siku utaondolewa vile unavyoviegemea: utahamishwa kazi, utapelekwa masomoni nchi ya mbali, utalazwa hospitali, au utazeeka na wenzio watatangulia. Siku hiyo ndiyo utakayojua ni kipi kilichokuwa chako na kipi ulichokopeshwa na jirani. Basi jihesabu sasa, ungali nchi kavu. Na umtazame aliye karibu nawe nyumbani. Huenda akawa ametandika msala wako, anangoja, wala hasemi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuisimamisha sala tukiwa barani na tukiwa baharini, na atupe huruma kwa watu wa nyumba zetu. Amin.

Wassalaamu alaikum.